Mtungi Ambao Sibomana Hakuuonja

— Onja kwanza.

Muzee Habarurema aliusukuma mrija upande wa mkwe wake. Mtungi wa pombe ya ndizi ulikuwa katikati ya uwanja wake, kule Kibumba, na wazee wanne wameuzunguka. Sibomana akaurudisha mrija.

— Muzee, siko nakunywa tena.

— Nani amekuambia ulewe? Aliyeleta pombe anaonja mbele ya wote, watu wajue haina sumu. Ao kule Goma mumesahau?

Hakuwa amesahau. Ila maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia aonje. Zamani alikuwa anaonja mtungi haujatua chini.

Alikuja kumchukua mke wake, Mukantwari. Mke akirudi kwa baba yake, mume anamfuata na pombe, ndiyo desturi. Na Mukantwari aliondoka kwa haki. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 1956, Sibomana, mshonaji wa cherehani, aliunguza kwa pasi gauni la ubatizo la mtoto wao kwa sababu ya ulevi. Victoire alibatizwa amefungwa kitambaa cha meza. Kesho yake asubuhi mama alimbeba mtoto mgongoni, akashika njia ya Kibumba.

Jirani mmoja kule Goma ndiye aliyemwonea Sibomana huruma.

— Pale Majengo, kwa Grégoire seremala, kuna watu wanakutana kila siku ya Mungu baada ya misa. Wote walikuwa walevi kama wewe. Enda.

Alienda. Lakini alipofika mlangoni, akaona haya, akauliza bei ya mbao. Wiki iliyofuata akauliza tena. Mara ya tatu Grégoire, Munande mnene mwenye sauti nzito, akamshika mkono.

— Papa, wiki tatu unauliza mbao. Siku ya Mungu hatuuzi. Ingia, ukae.

Ndani walikuwa wanaume saba na mama mmoja, wamekaa juu ya mbao, kila mutu na kikombe cha uji wa mtama. Kila mmoja alisema ukweli wa wiki yake. Sheria ilikuwa moja: usimcheke mwenzako mpaka yeye acheke wa kwanza.

— Niliunguza gauni la mtoto wangu, Sibomana alisema.

Hakuna aliyecheka. Yule mama akamwongezea uji.

Alianguka mara moja, akalewa kwenye Pasaka. Jumapili iliyofuata aliikuta nafasi yake juu ya ubao, hakuna aliyeikalia. Tangu siku hiyo hakugusa pombe tena. Baada ya miezi mitano akamwandikia mke wake:

“Mama Victoire, nimeacha pombe. Nimepata watu wa kunisaidia. Rudi.”

Jibu lilikuja na mama mmoja aliyeshuka kuuza viazi: “Papa Victoire, maneno mazuri ulikuwa nayo hata zamani. Kama unanitaka, uje kwa baba sawa desturi inavyotaka.”

— Pombe ni ya wazee, peleka, Grégoire alimshauri. Kinywa ni chako, kichunge.

Grégoire ni mutu wa Butembo. Mambo ya kuonja hapa Kibumba, atayajulia wapi?

— Ni sumu! Dancille, shangazi wa Mukantwari, alipiga kelele sasa pale uwanjani, mikono kiunoni. Huyu aliyekuwa akilamba hata mfuniko wa mtungi, leo anaogopa mrija? Ametia kitu humo!

Wazee wakasogeza viti nyuma. Habarurema akasimama.

— Onja, ao beba mtungi wako, urudi peke yako.

Mukantwari akatoka nyumbani, mtoto mgongoni. Akamwangalia mume wake machoni.

— Papa Victoire, onja kidogo tu. Baba aturuhusu, twende.

Sibomana akautazama mrija. Tone moja tu, na mke ni wake.

— Nikionja leo, baada ya mwezi utarudi hapa na mtoto. Afadhali nikuache hapa ukiwa bado unanipenda kidogo.

Akainama aubebe mtungi.

— Tua hiyo, Mukantwari akasema.

Akapiga magoti, akashika mrija, akavuta funda kubwa, akameza. 

— Haina sumu. Ila aliyeikamua hakungoja ndizi ziive.

— Nani amekutuma uonje? baba yake akauliza.

— Si anaonja aliyeleta? Huyu ni mume wangu. Tumeileta pamoja.

Habarurema alimtazama binti yake, akamtazama mkwe, kicheko kikamshinda.

— Basi amekwisha kwenda kwa mume wake, huyu! Dancille, mufungie vitu vyake. Na sehemu ya mkwe, nani ataikunywa?

Wazee wanne wakavuta viti mbele kwa pamoja.

Jumapili iliyofuata, kwa Grégoire, watu walisogea juu ya ubao ili Mukantwari apate nafasi. Victoire alikuwa na gauni jipya jeupe, baba yake amelishona bila kuunguza hata uzi.

— Mama mgeni, na wewe una ukweli wa wiki yako? Grégoire akauliza.

— Niko nao. Kwetu, wiki hii, aliyekunywa pombe ni mimi.

Wote wakauma midomo, wakamtazama Sibomana. Naye akacheka wa kwanza.