Chai ya Kitanda cha Saba

Mke wa seremala aligawa chakula hospitalini. Kila asubuhi alipanga sinia arobaini mezani: uji, yai, chai. Huyu hali chumvi. Yule hatumii sukari. Wa kule pembeni hana meno, apewe laini. Yote aliyaweka kichwani, wala hakuandika hata neno. Wenzake walimwita Kompyuta, naye akaona fahari.

Siku moja chai ya sukari ilifika kwa mzee mwenye kisukari. Ilikuwa mara ya pili mwezi huo. Bahati nzuri muuguzi aliwahi kikombe.

"Ikitokea tena, utahamia kuosha masufuria," msimamizi alimwambia.

Jioni mumewe alisema, "Ongeza umakini tu, mke wangu."

"Kuliko huu? Wewe ukipima mbao, nani anakuja kukuuliza vijiko viko wapi?"

Mama mkwe akacheka. "Mwanangu, hapo umepatikana."

Kesho yake jikoni alikuja mama mmoja na daftari. Kazi yake ni kuchunguza namna watu wanavyofanya kazi. Alivuta stuli, akakaa, akatazama. Kila mkono wa Kompyuta ulipositasita, aliuliza, "Hapo umewaza nini, dada?"

"Kitanda cha saba hatumii sukari."

"Umejuaje?"

"Muuguzi aliniambia jana."

"Na leo aliyelala pale ni yuleyule?"

"Huwa wanahama. Kila mtu anataka dirishani. Mmoja akiruhusiwa kwenda nyumbani, mwenzake keshabeba mto wake."

"Basi kumbukumbu yako ni nzima. Ila unakumbuka kitanda, na anayekunywa chai ni mtu."

Kisha akamwita msimamizi, akamwonyesha daftari. "Kabla ya saa mbili amekatizwa mara kumi na nne. Kichwa ni kama mikono. Ukikijaza mno, kitu kitadondoka. Tusimgombeze. Tubadilishe mpango wa kazi, na yeye mwenye kazi atuambie vipi."

Kompyuta alikuwa na la kusema. Vijiko vikawekwa nje ya mlango. Kila sinia ikapata kadi yenye jina la mgonjwa: nyekundu bila sukari, buluu bila chumvi, njano chakula laini. Muuguzi aliandika kadi mpya kila asubuhi. Siku ya kwanza kadi zililowa uji, majina yakafutika, wakacheka sana. Siku ya pili wakazivika nailoni.

Miezi mitatu ikapita bila kosa. Habari ya masufuria haikutajwa tena.

Asubuhi moja Kompyuta alifika kitanda cha saba na kadi nyekundu. Palikuwa na mama mgeni. Akasoma jina kwenye utepe wa mkononi: siye. Akatazama huku na huku. Yule mzee wa kisukari, aliyelazwa tena wiki hiyo, alikuwa kitanda cha tatu, amejifunika shuka mpaka puani.

"Mzee, mbona umehama na huku hakuna dirisha?"

"Nilisikia wa huku wanapewa ya sukari."

"Chai yako imekufuata, babu," alisema Kompyuta, akamwekea sinia mapajani.