Kombe la Joka la Kaskazini

Mchuzi ulianza kuvutika. Amulen aliinua upawa, akaona uzi mzito kama kamasi ukiufuata kutoka sufuriani, ukakatika, ukarudi ndani polepole. Nyama ilikuwa ya asubuhi ile ile, lakini ilinuka kama kisima alichofia chura.

Alitaka kuumwaga. Lakini wachimbaji dhahabu wa Tiira walikwisha kujaa kwenye mabenchi ya hoteli yake pale Busia, na wa kwanza kuonja alifumba macho kwa utamu. Wakaomba tena. Wakalamba sahani, wakalamba na vidole, naye Amulen akakimbilia nyuma kutapika.

Alijua alichofanya. Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, wateja wamemkimbia, naye, Mkatoliki wa kubatizwa, akaenda Tororo kwa siri, hata mumewe asijue, kwa Maalim Shafi, mpiga falaki. Maalim alihesabu jina lake na la mamake, akamwambia nyota yake ni Nge, nayo imefifia. Amulen akataka nyingine. Jioni hiyo Maalim alimtoa uani, akamwonyesha Nge upande wa kusini, akamweleza kwamba jua na mwezi hupita katika buruji kumi na mbili za nyota, na kila binadamu ana yake humo. Kisha akamgeuza kaskazini, Joka lilikojikunja juu ya Dubu.

"Nyota hizi, jua haliingii kwao. Hazina mtu. Majini yao yana njaa."

"Hata mimi iko na njaa, Maalim. Nipe hiyo."

Maalim alibembelezwa mpaka akakubali. Akaandika kwa zafarani kwenye sahani, akaosha maandishi kwa maji ya waridi, na Amulen akalinywa kombe hilo lote.

Sasa kitu kilimgeukageuka tumboni kila alipopika, na jioni moja, akiwa ameinamia sufuria peke yake, moshi ukimchoma macho, alisikia sauti ya kulamba taratibu karibu mno na sikio lake, akatafuta mbwa, akatafuta paka, mpaka alipojipapasa kidevu ndipo akajua kwamba uzi ule haukutoka sufuriani kamwe, ulikuwa ukishuka kutoka kinywani mwake mwenyewe, wa uvuguvugu, ukinywa.

Maalim aliitwa, akaja Busia. Alimnywesha maji ya chumvi na mwarobaini, akamgeuza uso kaskazini. Amulen alitapika kitu kirefu, cheupe, kisicho na macho, chenye magamba laini kama maganda ya kitunguu kilichooza. Wakakizika nyuma ya jiko, wakamwagia chumvi na majivu.

Kesho yake alipika mchuzi safi. Wachimbaji walionja, wakatema, wakaondoka.

Wakati wa magharibi alimtafuta mumewe, Ojulong, chumbani, hakumwona. Alimkuta nyuma ya jiko, amepiga magoti, mikono imezama udongoni hadi viwikoni, akitafuna bila haraka.

"Mama Acen," alinong'ona, uzi ukimning'inia mdomoni, "mbona ulificha ile tamu?"