Kibuyu cha Mama na Kimya cha Akinyi

Nina miaka hamsini na mbili, ni mjane, mama wa Jebet, na hapa Eldoret watu huniita Profesa. Siku hizi jina hilo linaniuma...

Mimi ni mhandisi wa kemikali. Wenzangu walikwenda kwenye viwanda vya rangi na sabuni. Mimi nilipenda kiwanda kidogo zaidi: bakteria wanaogandisha mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Nilitaka kuonyesha kwa hesabu za kompyuta jinsi wanavyolishana na kutegemeana mpaka maziwa yaive.

Bakteria wangu wote walitoka kwenye kibuyu kimoja, cha mama yangu kijijini Plateau. Tangu nikiwa mtoto, mama alikisugua kwa mkaa tu, bila sabuni, na bakteria wale wale wakabaki humo.

Mama alipofariki, jamaa waliokuja kutusaidia matangani waliosha kila chombo. Kibuyu nacho wakakitia sabuni na maji moto! Sikuwalaumu. Nilijifariji kwamba sampuli za maziwa yake nilizogandisha ziko salama kwenye friza ya maabara chuoni, na ufunguo nimemwachia Akinyi, profesa mwenzangu, rafiki yangu wa chanda na pete.

Niliporudi kazini, bakteria wa kwenye friza hawakuota. Nilijaribu tena na tena... Wanafunzi wangu wakakwama, wafadhili wakaanza maswali. Chuo kikaunda kamati kuchunguza kama matokeo yangu ya awali yalikuwa ya kweli, na Akinyi akawa mmoja wao. Waliamua kazi yangu haiaminiki. Nikapokonywa mradi.

Jioni moja Akinyi alikuja kwangu Yamumbi. Alikataa chai.

"Mama Jebet, hiyo friza ni mimi," alisema. "Stima ilipotea siku kadhaa, na nilikuwa nimesafiri na funguo. Nilipata kila kitu imeyeyuka. Wewe uko kwa matanga, ningekwambia aje? Stima iliporudi, friza ikagandisha tena kila kitu, nikanyamaza."

Nilimuuliza mbona alinyamaza hata mbele ya kamati. Alilia, kisha akaniomba nisimwambie mtu. Aniombe mimi?

Wasomaji wenzangu, ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama anazika. Na ukiachiwa kitu na mzazi, usikiweke mahali pamoja tu. Wagawie ndugu, wagawie majirani.

Juzi nilikisugua kile kibuyu kwa mkaa, nikatia maziwa. Yaliganda vizuri. Binti yangu Jebet alionja, akasema ni matamu kama ya nyanya yake. Nilijua si ya mama, kwamba bakteria wake walikufa na hawa ni wageni, nikatoka nje kulia.