Zuhura Alisema Hanijui

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Ujiji, Muha kwa baba na mama. Naishi Gungu na mwanangu mmoja. Mume sina, aliniacha zamani, lakini yule nimeshamsamehe. Ninayemchukia ni mwanamke mwenzangu!

Zuhura alikuwa shoga yangu tangu shule ya msingi. Tulipenda baiskeli, watu wakatucheka mpaka wakachoka wenyewe. Mwaka jana tukasikia kuna wageni wanataka kuongozwa na wanawake kwenye safari ya baiskeli milimani. Tukakubaliana tuipite njia kwanza sisi wawili: tuanzie Kidahwe, tukate vilima ambako gari halifiki, tushuke mpaka ziwani, turudi Ujiji kwa vijia vya ufukweni. Safari ya siku kadhaa.

Tulijiandaa kwa wiki nyingi. Wazo la kugawana vitu lilikuwa langu. Yeye abebe pampu, mimi viraka na gundi. Yeye sufuria, mimi unga. Vitambulisho vyetu vyote vikae kwenye mfuko wake usioingiza maji. Nilimwambia kwa mpango huo hakuna atakayeweza kumwacha mwenzake. Akacheka, akanikumbatia... Mnafiki mkubwa!

Siku ya tatu tulilala kijiji kimoja huko juu, chenye mtandao. Simu yake ikaita, akaenda kuongelea nje. Nilikuja kujua baadaye kwamba wageni walimwambia wanahitaji mwongozaji mmoja tu.

Asubuhi naamka, Zuhura hayupo. Baiskeli yake haipo!

Nikadhani ametangulia, nikamfukuzia. Kwenye mteremko wa mawe tairi la nyuma likapata pancha. Viraka ninavyo, pampu sina. Njaa inauma, unga ninao, sufuria sina! Mvua ikanyesha, simu ikaingia maji ikazima. Nilisukuma ile baiskeli kutwa nzima huku nalia kwa hasira.

Jioni nikaingia kijiji cha ufukweni. Mgambo wakanizuia. Mwanamke peke yake, matope mwili mzima, ametoka wapi? Kitambulisho kiko wapi? Wakanipeleka kwa mtendaji wa kijiji, mtu aliyehamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali. Kila nikifungua mdomo anasema lafudhi yangu ni ya ng'ambo ya mpaka, ya Warundi. Mimi! Wa Ujiji!

Namba niliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja tu. Mtendaji akapiga, akaweka sauti kubwa. Niliposikia sauti ya Zuhura nikashusha pumzi.

"Samahani, mheshimiwa, huyo simjui," alisema. "Labda kaokota namba yangu mahali."

Akakata.

Jamani, mmewahi kukanwa na mtu mliyekula naye sahani moja? Nililala sakafuni kwenye ofisi ile, mgambo mlangoni, nikisubiri kupelekwa uhamiaji. Mwanangu je? Angeambiwa mama yake ni nani?

Kilichoniokoa ni mchuuzi wa dagaa aliyekuwa anakwenda Ujiji kwa boti. Nilimwita dirishani, nikamwelekeza nyumbani kwetu. Kesho yake akarudi na mama yangu... Mama, ambaye tangu baba azame hajawahi kupanda boti! Aliingia amelowa.

"Shikamoo, mama," mtendaji akasema.

Mama akampita, akanishika bega.

"Huyu nimemzaa mimi, Ujiji," alisema. "Mvue kiatu cha kushoto. Kidole kidogo hakina ukucha tangu ana miaka minne. Mrundi gani huyo ninayemjua mpaka vidole?"

Nikavua. Nikaachiwa.

Zuhura sasa anaongoza wageni kwenye njia niliyoipanga mimi. Aliwahi kuja Gungu kuomba radhi, nikamfungia mlango usoni. Sijutii hata kidogo!

Wasomaji wenzangu, nawaomba: mkipanga safari, kila mtu abebe pampu yake na kitambulisho chake. Urafiki haujazi upepo tairi! Na tafadhali, karirini namba ya mtu atakayekuja kuwachukua. Mama nimemnunulia simu, najitahidi kushika namba yake. Lakini kila nikifumba macho, inayokuja ni ile ya Zuhura...