Malkia Kwenye Mfuko wa Sare

Walikutana siku lifti ya hospitali ilipogoma. Watu walijazana ukumbini, kila mmoja na lawama zake, na fundi mwenye ovaroli ya buluu alikuwa ameketi juu ya sanduku la vifaa akisubiri spea, akicheza sataranji kwenye simu. Muuguzi mmoja aliyekuwa akipita alichungulia, akamwambia farasi wake anakufa. Kweli akafa. Tangu hapo fundi akamwita Sindano, na kwa miezi saba hakuwahi kumfunga hata mchezo mmoja.

Jumamosi moja, kesho yake fundi alikuwa aende kujitambulisha kwa mama yake Sindano kama mchumba. Wakiendelea kwenye ubao na mchezo waliouacha Jumatano, fundi alimchukua malkia wake akamweka mdomoni mwa askari wa Sindano, aliwe bure. Sindano aliduwaa. Mchumba wake wa zamani alikuwa akimwachia ashinde, kisha anamcheka na wenzake.

"Unaniachia, Fundi?"

"Mle kwanza."

Hakumla. Alimtia mfukoni, akaondoka, akamwambia mama hakuna mgeni. Siku nane simu za fundi ziliita bila kupokelewa.

Siku ya tisa, wakati wa chai kazini, Sindano alitaka kujihakikishia kwamba hakukosea. Alichora ubao kwenye karatasi, vifuniko vya chupa za dawa vikawa askari na kete nyingine, malkia akatoka mfukoni mwa sare. Akamla. Farasi wa fundi akaruka, mfalme wa Sindano akakimbilia kona, ngome ya fundi ikashuka: amekwisha. Akamtorosha mfalme upande wa pili. Amekwisha. Chai ilipoa. Mtu huyu hakumwonea huruma hata chembe. Alikuwa anammaliza.

Akapiga simu.

"Ningemla, ningekufa."

"Kwa hatua tano," fundi akajibu taratibu. "Nilizipigia hesabu siku tatu."

"Mbona hukusema?"

"Sindano, nani anamwambia adui?"

Alitaka kucheka, lakini macho yalikuwa yamerudi kwenye karatasi. Yakaganda hapo.

"Na nisipomla? Nikisogeza mfalme tu, ubavuni mwa farasi wako?"

Spana ilisikika ikianguka.

"Hebu rudia."

"Mfalme anamtaka farasi, askari anamtaka malkia. Huwezi kuwaokoa wote wawili."

Sindano akasikia kete zikipangwa ubaoni upande wa pili.

"Sikuiona hiyo," fundi akasema. "Siku tatu nzima, sikuiona."

"Basi hukuwa na ushindi."

"Sikuwa nao." Akashusha pumzi. "Malkia wangu yuko wapi?"

"Ninaye. Njoo Jumapili umchukue, nyumbani kwa mama. Na hiyo ovaroli uiache huko huko."