Uji wa Puani

Foleni ya sukari sokoni Mtwara ilikuwa ndefu kama utumbo wa ng'ombe. Mwanaisha, nesi mwenye gauni jeupe lililombana pale panapostahili kubanwa, alihisi mtu anampumulia kisogoni.

"Kaka, foleni hii ni ya sukari, si ya shingo yangu."

"Nisamehe dada. Nimeufuata utamu ulipo."

Akageuka. Kijana mrefu, suruali ya bugaluu inafagia vumbi.

"Vijana wa chama wakilikuta hilo bugaluu watalikata."

"Si utanishonea? Nyie manesi mnashona watu, itakuwa suruali!"

Sukari ikaisha kabla hawajaifikia, wala hawakuona hasara. Kijana huyo, Salumu, dereva wa trekta la kijiji cha ujamaa huko Msimbati, akawa kila akija mjini hupitia ufukweni Shangani kutembea na nesi wake, jua bado kali, watu wapate kuona vizuri.

Mvua zilipoanza, Salumu akamleta hospitali mama yake, Bi Somoe, hajitambui. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Mwili kimya kama gogo, lakini taya linatafuna. Linasita, linatafuna tena. Mdomoni hamna kitu.

"Isha," Salumu akanong'ona, "nani anamlisha?"

"Homa hiyo, mpenzi."

"Homa haitafuni. Wafu wake wamemwandalia. Akimeza tonge lao, harudi."

"Basi nitawatangulia mimi. Nenda kalete khanga zake."

Akapima mpira mwembamba wa kulishia toka puani hadi sikioni, toka sikioni hadi chini ya chembe cha moyo, akautia alama, akausukuma polepole puani. Mgonjwa akakohoa, midomo ikabadilika rangi. Mwanaisha akauvuta haraka, maana mpira ukipotea njia huingia mapafuni, na uji wa mapafuni ni kaburi. Akarudia. Akapuliza hewa kwa bomba la sindano, akasikiliza tumbo kwa kipimo cha masikioni. Tumbo likaitika: guruu!

Plasta wodini zilikwisha zamani. Akaufunga mpira kwa uzi sikioni, pua akaiwekea pamba isichubuke.

Salumu aliporudi alimkuta mama chali, shuka jeupe hadi kidevuni, pamba puani. Huwekwa nani pamba puani, jamani? Mwanaisha mwenyewe alishamsaidia shangazi yake kuosha maiti, lakini mikono ikiwa kazini haikumbuki misiba.

"Umemkafini mama yangu!"

"Mguse, ana joto!"

"Umewaonyesha wafu kwamba yuko tayari! Kesho naja na wajomba kumchukua."

Asubuhi simu ya wodi ikalia.

"Ni mimi, niko posta. Umeutoa huo mpira?"

"Sijautoa."

"Isha, nakupenda, lakini mama ni mmoja."

"Na mimi niko wangapi?"

Nyuma ya pumzi zake Mwanaisha akasikia sufuria na miiko vinagongana, kama jikoni kwenye shughuli.

"Uko kwenye karamu?"

"Niko posta, peke yangu."

Akaiweka simu, akakimbilia uji. Akauchuja kwa kitambaa, akaumimina mpirani kidogo kidogo. Wodi ikanukia wali wa nazi, ilhali jikoni kwa hospitali siku ile walipika maharage. Taya la Bi Somoe likatafuna mbio. Mwanaisha akamimina. Likatafuna. Akamimina, jasho linamtiririka mgongoni.

"Wali wa kwao ukatae, bibi. Kula uji wangu."

Taya likasimama.

Wajomba wakaingia na kitanda cha kamba, Salumu mbele. Bi Somoe akafumbua macho.

"Mbona mnanikodolea? Nimetoka kwa dada yangu."

"Dada yako alikufa, mama," Salumu akasema.

"Sijasahau. Yuko kule mto unapoingia baharini. Kanipakulia wali, sahani imejaa. Nikamwambia, dada, nimeshiba, sina hata pa kupumulia." Akapapasa mpira. "Nani kanishibisha?"

Wajomba wakajifanya wanakagua kamba za kitanda. Salumu akapiga magoti palepale, na bugaluu lake.

"Nisamehe, Isha. Nioe."

"Mwanamume ndiye anayeoa, wewe!"

"Basi nikuoe."

"Usipige tena kelele wodini kwangu. Nimekubali."

"Fanyeni upesi hiyo harusi," Bi Somoe akasema, akitazama mlangoni. "Dada hakuimwaga ile sahani. Kaifunika kawa."