Binti wa Mashimba Bungeni

Mashimba hakuwa mtu wa maneno mengi, ila redio yake ilikuwa nayo ya kutosha. Aliitundika kwenye nguzo ya zizi. Jioni mkewe Minza akikamua, yeye alishika ndama kando na redio ikisema yake: bei ya pamba, mpira, mvua. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Jioni moja redio ilileta habari za Bunge. Wabunge walikuwa wakijadili muswada wa serikali za mitaa. Hoja ilikuwa moja: nani aamue mambo ya kijiji, kijiji chenyewe au wakubwa wa juu? Mjadala ulipamba moto na meza zilipigwa. Kisha ikasikika sauti kali ya mwanamke.

"Mheshimiwa Spika, utamchimbiaje mtu kisima bila kumuuliza anakaa wapi?"

Kelele zikaifunika sauti ile. Spika akamwamuru mbunge yule aketi.

Minza aliacha kukamua. Sauti ile waliijua wote wawili, maana waliilea wenyewe. Alikuwa Klementina, mtoto wao wa kwanza, mbunge wa viti maalumu kupitia chama cha upinzani. Mashimba akanyoosha mkono, akaizima redio.

Tangu binti yake aingie Bungeni, mzee huyu alikosa raha. Majirani walianza kwa utani, kisha utani ukaisha. Halmashauri ya wilaya ilikuwa imepanga kuwachimbia lambo la kunyweshea mifugo. Lambo la zamani lilijaa tope, na kiangazi walipeleka ng'ombe mbali sana, hadi mtoni. Wengine walifia njiani, wakiwemo wa Mashimba. Sasa jirani yake Malimi alimwambia wazi kwamba mtoto akiendelea kugombana na serikali, lambo litapelekwa kijiji kingine. Mashimba aliamini, na aliogopa.

Kulikuwa na jambo lingine. Mashimba alikuwa mzee wa dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. Pale watu huzungumza mpaka wakubaliane neno moja. Neno likishakubaliwa, anayelipinga hutozwa mchenya, yaani faini ya kulisha baraza. Mashimba aliwatoza wengi, wala hakumwonea mtu haya. Kwa akili yake, Bunge lilikuwa dagashida kubwa, na binti yake ndiye yule mkaidi wa kutozwa. Aliona aibu, basi tu.

Bunge lilipoahirishwa, Klementina alikuja nyumbani. Waliotegemea kuona gari kubwa walivunjika moyo, maana alishuka kwenye bodaboda kutoka stendi ya mabasi ya Somanda, gauni lake limejaa vumbi. Alipiga magoti mbele ya baba yake.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," alijibu Mashimba. Wasukuma humwita binti yao mama, hata wakiwa wamekasirika.

Alisubiri mwanawe ale kwanza. Kisha akasema lililokuwa moyoni. Alimwomba aache kupinga, kwa kuwa atawakosesha watu lambo.

Klementina hakukasirika. "Baba, kupinga Bungeni si uadui. Ndiyo kazi niliyotumwa. Serikali ikileta muswada, wabunge wa chama chake mara nyingi watausifu. Lazima awepo wa kuuliza: hapa pamekaaje? Mwananchi ameulizwa? Fedha zitatoka wapi? Asipokuwepo, kosa linapita na hakuna aliyeliona."

"Lakini mlipiga kura, mkashindwa."

"Tulishindwa. Nilitaka sheria iseme kwamba mradi wa kijiji usianze kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaukubali. Waliosema siyo walikuwa wengi kuliko sisi, nami nimeyapokea matokeo. Ila maneno yangu yameandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge, na waziri ameahidi kulitazama. Kikao kijacho nitamuuliza amefikia wapi."

Mashimba alikuna kidevu. Kwenye dagashida, aliyeshindwa hufunga mdomo na kulipa. Bungeni aliyeshindwa anaruhusiwa kuuliza tena. Jambo hilo lilimshangaza kuliko yote.

"Na Spika anapokuambia uketi?"

"Naketi. Kiti kinaheshimiwa, baba, hata ukiwa na hasira. Unaketi, kisha unaomba nafasi, unasimama tena."

Hapo mzee akapata wazo. Lambo lenyewe lilikuwa na kasoro. Vigingi vya vipimo vilipigwa karibu na barabara, na njia ya kufika pale ilikatiza mashamba ya pamba. Ng'ombe wakipita watakula pamba, na majirani watashikana mashati kila mwaka. Akamtaka Klementina aende halmashauri awaamuru wahamishe.

"Mbunge haiamuru halmashauri," alisema Klementina. "Kazi yangu ni kutunga sheria na kuisimamia serikali kwa maswali. Mahali pa lambo mngepasemea nyinyi. Mkutano mkuu wa kijiji ulisemaje?"

Minza ndiye aliyejibu, huku akiangalia pembeni. Mkutano uliitishwa siku ya mnada. Wanaume wote walikwenda kuuza ng'ombe, na Mashimba alitangulia. Watu wachache waliobaki hawakutosha kufanya mkutano. Mwenyekiti na wajumbe wake wakaijibu halmashauri kwa niaba ya kijiji.

"Mimi napigana Dodoma ili kijiji kiongezewe sauti," alisema Klementina taratibu. "Na ile mliyonayo tayari, baba, mliipeleka mnadani."

Maneno hayo yalimwingia Mashimba hasa. Asubuhi alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Masunga, akaomba mkutano uitishwe upya, na usiwe siku ya mnada. Masunga alikubali, kwa kuwa kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusikilizwa kwenye mkutano huo.

Watu walijaa. Masunga alieleza mpango wa lambo, na makofi yakapigwa. Kila mtu aliogopa kulipoteza. Mashimba akanyoosha mkono, akasema lambo analitaka sana, ila pale lilipopangwa hapafai.

Minong'ono ikaanza. Malimi akasema kwa sauti, "Kumbe binti kamrithi baba." Watu wakacheka, wengine wakamzomea. Masunga aliona mkutano unaharibika.

"Mzee Mashimba, keti."

Mashimba aliketi. Uso ulimwaka. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo hadharani. Akamkumbuka binti yake katikati ya kelele za meza, akamwonea huruma. Alitamani kuondoka zake nyumbani.

Hakuondoka. Watu walipotulia alinyoosha mkono tena, akasubiri apewe ruhusa. Safari hii alieleza polepole njia ya ng'ombe inavyokatiza pamba, akimtaja kila mwenye shamba. Shamba la kwanza lilikuwa la Malimi. Kisha Minza, ambaye kwenye dagashida hapewi nafasi ya kusema, akasimama. Alisema wanawake ndio wapaliliaji wa pamba ile, naye hataki kugombana na jirani kwa sababu ya kwato.

Kura ilipigwa. Wengi walitaka lambo lihamie upande wa malisho. Malimi naye alinyoosha mkono, bila kumtazama mtu. Mtendaji wa kijiji alipeleka muhtasari kwenye kata, na diwani akausemea kwenye kikao cha halmashauri. Hakuna aliyewanyang'anya lambo. Wataalamu walirudi, wakatembea na wanakijiji, wakapima udongo wa kule malishoni na kuhamisha vigingi vyao. Lambo likachimbwa, mvua za mwaka ule zikalijaza, na kiangazi kilipokuja ng'ombe wa Mashimba walikunywa bila kukanyaga shina la pamba ya mtu.

Jioni moja Minza alikuwa akikamua. Redio ilileta tena habari za Bunge. Klementina alikuwa akimuuliza tena waziri ahadi yake imefikia wapi. Meza zikapigwa, kelele zikapanda, Spika akamtaka aketi. Malimi alikuwa amesimama kwenye uzio. Alimtazama Mashimba aone kama ataizima.

Mashimba aliongeza sauti, akaisogelea redio.

"Keti, mayu," aliiambia. "Kisha simama tena."